Chakula cha mchana cha mwanafunzi: sufuria la shule au hotpoti ya nyumbani?

Kila muhula mpya unapofunguliwa, vikao vya wazazi mjini Arusha hugawanyika katika suala la chakula cha mchana kuliko suala lingine lolote. Wapo wanaotaka kila mtoto ale chakula kinachopikwa shuleni na kila mzazi achangie, na wapo wanaosema kwamba mtoto ni wao, tumbo ni la mtoto wao, na hivyo waachwe wamfungie chakula nyumbani asubuhi. Nimesikia hoja za pande zote mbili zikitolewa kwa jazba, na mara nyingi kila upande huulinganisha mpango wake ukiwa katika hali bora kabisa na mpango wa wenzake ukiwa katika hali mbaya kabisa. Mwenye hotpoti hutaja pilau la moto na parachichi, kisha akataja makande ya shule yenye mawe, ilhali mwenye sufuria hutaja uji uliorutubishwa na maharage yaliyoiva vizuri, kisha akataja biskuti na juisi ya paketi kana kwamba hakuna mzazi anayefunga kitu kingine.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kwa watoto walio wengi wanaosoma shule za kutwa katika miji yetu, chakula kinachopikwa shuleni ndicho kinachofaa kuwa mlo mkuu wa mchana. Hata hivyo, mzazi anayekataa kuchangia jiko asiloruhusiwa kuingia ana haki ya kukataa, na shule inayomwita mkorofi haijamjibu.

Inafaa kukumbuka tulifikaje hapa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini waraka uliofuata, Na. 3 wa mwaka 2016, ulipofafanua majukumu ya kila mmoja, uliliacha suala la chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi pamoja na sare na vifaa vya kujifunzia. Kwa hiyo serikali inalipia masomo, na mzazi analisha. Tatizo ni kwamba wazazi wengi waliisikia sehemu ya kwanza tu, na kila anaposimama mwenyekiti wa kamati ya shule kuzungumzia mahindi na maharage, wapo wanaouliza kama elimu haikutangazwa kuwa ya bure.

Upande wa nyumbani una hoja ambazo hazistahili kupuuzwa. Mzazi anajua kwamba mtoto wake akila maharage tumbo humjaa gesi, au kwamba ana kisukari, au kwamba karanga humfanya avimbe midomo. Jiko linalopikia watoto 800 haliwezi kumkumbuka kila mmoja. Nyumbani pia kuna mboga ambazo haziingii kirahisi katika sufuria la shule: mnafu, mchicha, machalari ya ndizi na nyama, na mtindi kwa familia yenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Mtoto aliyezoea vyakula hivyo na akapewa makande siku tano kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, hufikia mahali anayamwaga, na chakula kilichomwagwa hakina lishe hata kama kwenye karatasi kinaonekana kamili.

Lakini hotpoti ina adui mmoja ambaye wazazi hatumzungumzii vya kutosha, naye ni saa. Mtoto anayepandishwa basi la shule Kisongo au Usa River saa kumi na mbili asubuhi amefungiwa chakula saa kumi na moja na nusu, naye atakifungua saa saba mchana. Huo ni muda wa saa saba na nusu. Chakula kilichopikwa kinapokaa katika uvuguvugu, kati ya nyuzi joto 5 na 60, bakteria huzaliana kwa kasi, na ushauri wa kawaida wa usalama wa chakula ni kwamba kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa mbili. Wali ni hatari kuliko tunavyodhani, kwa sababu wamo bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na sumu wanayoiacha katika wali uliolala haiondoki hata ukipashwa moto tena. Moshi, ambako Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30, wali wa jana uliopashwa haraka asubuhi na kufungwa katika kontena la plastiki ni jambo la kuogopa kweli.

Hotpoti nzuri inaweza kupunguza hatari hiyo, ikitumiwa ipasavyo. Mimina ndani yake maji yanayochemka, funika, acha dakika kumi, mwaga, kisha pakua chakula kikiwa bado kinafuka moshi na ujaze hadi juu, kwa maana hotpoti iliyojazwa nusu hupoa haraka. Anayefanya hivyo kila siku ya masomo anastahili pongezi. Ila tuseme ukweli: mama anayefungua genge katika soko la Kilombero alfajiri, au baba anayekwenda kuchukua zamu hotelini, hana nafasi hiyo kila siku. Kinachofungwa katika nyumba nyingi ni kile kisichoharibika, yaani chapati kavu, maandazi, mkate uliopakwa siagi, soseji iliyokaangwa na pakiti ya juisi yenye sukari nyingi. Basi tukitaka kulinganisha kwa haki, tulinganishe makande ya kawaida ya shule na maandazi ya kawaida ya nyumbani.

Na hapo makande yanashinda kwa mbali. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, maharage yanayo kwa wingi, na vikiliwa pamoja vinampa mtoto protini iliyo karibu kukamilika bila nyama. Maharage pia yana madini ya chuma, ingawa mwili hauyafyonzi kwa urahisi kama yale ya nyama, na chai ya rangi inayonyweshwa pamoja na chakula huyazuia zaidi, ilhali chungwa, pera au kachumbari ya nyanya huyasaidia. Sioni kwa nini shule zisiwaombe wazazi wanaopenda kufunga kitu nyumbani wafunge tunda. Tunda halihitaji hotpoti, haliharibiki kufikia saa saba, na kwa msimu mwingi wa mwaka sokoni Arusha na Moshi ndizi mbivu, machungwa na maparachichi hupatikana kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu.

Gharama nayo tuitazame kwa hesabu. Tuchukulie mtoto mmoja apewe gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mlo, kiasi kinachotoa kalori zipatazo 560 kabla ya mafuta. Mwaka una siku 194 za masomo. Mtoto huyo atahitaji kilo 23 na kidogo za mahindi, na maharage yasiyofika kilo 8, kwa mwaka mzima. Juu yake ongeza mafuta, chumvi, nishati na ujira wa wapishi. Hata hivyo, ni vigumu kupata njia nyingine ya kumpa mtoto mlo wa moto kila siku kwa gharama hiyo, na mzazi anayepiga hesabu ya chapati moja, soseji moja na juisi moja mara 194 ataona mwenyewe tofauti.

Sasa nigeukie kasoro za sufuria, maana zipo, na baadhi yake ni za hapa kwetu hasa. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mahindi na maharage makavu ambayo hayakulowekwa usiku kucha huchukua saa nyingi kuiva katika joto hilo, na kila saa ni kuni au gesi. Mpishi aliyeambiwa chakula kiwe tayari saa saba hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato inayojulikana katika mikoa hii ni magadi. Magadi hulainisha maharage kwa muda mfupi, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, na magadi yetu mengi yana floraidi nyingi.

Hilo la floraidi si dogo. Watu wanaoishi chini ya Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngurdoto ambako kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa majini, wanajua jinsi meno ya watoto yanavyobadilika rangi kuwa ya kahawia. Madhara hayo huingia wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yaani kabla ya mtoto kufikisha miaka minane hivi, na huo ndio umri wa watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili. Kuchemsha maji hakupunguzi floraidi. Sufuria lililotokota kwa muda wa saa nne likiwa na maji ya kisima chenye floraidi, tena likatiwa magadi, linawapa watoto wote wa shule kipimo ambacho hakuna mzazi aliyekikubali. Nyumbani pia wapo wanaotia magadi, lakini pale mtu anajua alichofanya. Dawa yake ni rahisi mno: mahindi na maharage yalowekwe tangu jioni, maji ya kulowekea yamwagwe, na magadi yasiingie jikoni. Mlinzi wa usiku anaweza kuifanya kazi hiyo.

Kasoro ya pili ni stoo. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara, huu wa pili ukiwa jirani yetu kabisa, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mzazi anayeuliza magunia ya shule yamelala juu ya sakafu au juu ya chaga, na kama mahindi yalikaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, anauliza swali la uhai. Ninasikitika kila ninapoona swali hilo likichukuliwa kuwa ni dharau kwa mwalimu mkuu.

Katika shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu chakula kimo ndani ya ada na mara nyingi mzazi hana hiari. Huko ratiba huonekana nzuri ukutani, na kazi ya mzazi ni kufika siku moja saa saba bila kuaga na kuona kama sahani inafanana na ratiba.

Lipo jambo linalonifanya niegemee sufuria la pamoja hata baada ya kuzihesabu kasoro zake zote. Pale ambapo kila mtoto huja na chake, saa ya chakula huwatenganisha. Mmoja anafungua wali na kuku, mwingine anafungua kiporo cha ugali na kukila akiwa ameinamia ukuta ili wenzake wasione, na wa tatu anakwenda bombani, anakunywa maji, kisha anasimama uwanjani akijifanya anapenda kucheza kuliko kula. Mwalimu wa kipindi cha saa nane anawajua watoto wa kundi hilo la tatu kwa majina, kwa sababu ndio wanaosinzia. Mzazi wa yule mwenye kuku hakufanya kosa lolote. Ila mpango mzima unamwacha mtoto wa miaka saba au minane alipe kwa aibu kile ambacho watu wazima wameshindwa kukubaliana.

Sufuria la pamoja nalo linaweza kuleta aibu ileile, tena mbaya zaidi, pale watoto wa wazazi wasiochangia wanapowekwa kando wakati wenzao wanapakuliwa. Mtindo huo haufai hata kidogo. Deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi, kupitia kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa ikibidi, na asiye na fedha apewe nafasi ya kuleta kuni, mboga au siku ya kazi katika shamba la shule. Kamati inapopanga bajeti, ihesabu tangu mwanzo kwamba wapo watakaoshindwa, na ugavi uwatoshe wote.

Kwa sababu hiyo, kikao kinachofaa kuamua chakula cha mwaka ni kile cha Julai, muhula wa pili unapoanza. Julai na Agosti ndiyo miezi ya mavuno ya mahindi ya masika katika maeneo ya tambarare ya Arusha na Kilimanjaro, bei iko chini, na mzazi mwenye robo eka anaweza kutoa debe moja na kidogo akamaliza sehemu ya mahindi ya mwaka mzima. Januari bei imepanda, ghala la nyumbani limepungua, na mzazi huyohuyo anadaiwa sare na madaftari. Kamati zikinunua au kupokea nafaka wakati wa mavuno, zikaikausha vizuri na kuihifadhi katika mifuko ya kinga njaa, yaani mifuko isiyopitisha hewa, kisha zikabandika mlangoni mwa stoo idadi ya magunia yaliyoingia na yaliyotoka kila wiki, wazazi wengi wanaobeba hotpoti leo kwa kukosa imani watakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuamua.