Mkono wa Ami

Siku niliyomfuta ami yangu sikuwa na ugomvi naye wa aina yoyote. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kusimama pahala pabaya akiwa amevaa fulana ya manjano.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe, wakati ambao jua hupenya vichochoroni kwa upande na kuvirefusha vivuli vya watu mpaka vikapanda kuta. Wazee watatu wenye kanzu walikuwa wamezama katika dhumna, muuza kahawa ameliinamia dele lake juu ya makaa, na mimi nimejibanza pembeni na kamera yangu nikivizia, maana watu wakishajua kwamba wanapigwa picha hunyoosha migongo na kukaza nyuso kama wanaoomba paspoti. Nilibofya mara moja, nikaondoka.

Ami sikumwona hadi usiku, nilipoifungua picha kwenye kompyuta. Alikuwa amesimama nyuma ya wachezaji, mkono wa kushoto ameuweka begani kwa mmoja wao, akizichungulia kete kwa uchungu wa mtu anayeamini kwamba yeye angecheza vizuri zaidi.

Niliigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe nikidhani kwamba nitaizima ile fulana, kumbe manjano ni rangi yenye mwangaza mkubwa, na ukiiondoa hubaki karibu na weupe. Ami akawaka katikati ya picha kama karabai. Kuzikata kingo hakukunisaidia, kwani dele lingeondoka pamoja naye. Hapo ndipo shetani aliponikumbusha Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye hakupenda kabisa picha zake zikatwe, lakini ile yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, aliikata, kwa sababu aliipiga kupitia upenyo wa uzio na ubao ukaingia upande mmoja. Nikajiambia: ikiwa yeye aliondoa uzio, mimi nitashindwaje kuondoa ami?

Programu ya kuhariri picha ina brashi inayochota sehemu moja na kuipaka juu ya nyingine. Kuta zetu za mawe na chokaa zinaifaa mno kazi hiyo, kwa kuwa zimebambuka kiasi kwamba bambuko moja la ziada halimshtui mtu. Kwa saa mbili nilimpaka ami ukuta, kutoka miguuni hadi kofiani. Kisha, kwa kuwa nilikwishalewa ufundi, nikairejesha rangi nyekundu peke yake ili makaa yawake chini ya dele, nikaandika "Jaws Corner, leo alasiri", nikaituma picha katika kundi la WhatsApp la ukoo, nikalala.

Asubuhi nilikuta ujumbe 62. Wa kwanza ulikuwa wa shangazi, aliyeandika "Audhubillahi" na kuishia hapo. Nikaitazama picha upya. Makaa yaliwaka vizuri, lakini palikuwa na kitu kingine chekundu: jiwe la akiki, kwenye pete, kwenye mkono uliotulia begani kwa mzee wa watu bila ya mwili nyuma yake. Nilikuwa nimemfuta ami mpaka kwenye kiwiko cha mkono, nikausahau mkono wenyewe kwa sababu ulilala juu ya kanzu ilhali mimi nilikuwa nikishughulika na ukuta. Kivuli chake nacho kilikuwepo, kimesimama kikimsubiri mwenyewe. Mwenye bega, nilisikia baadaye, alikwisha kwenda kusomewa.

Lakini hilo la jini lilikuwa dogo. Mke wa ami alikuwa na dhana ya siku nyingi kwamba mumewe ana nyumba ya pili Fuoni, na jioni ile ami alikuwa ameapa kwamba ametoka Jaws Corner kutazama dhumna. Sasa Jaws Corner imekuja kwenye simu, na ami hayumo.

"Pete hii nilimnunulia mimi Makka," aliniambia nilipofika, baada ya kuipokea shikamoo yangu kwa kichwa tu. "Mkono naujua. Mkono uko kahawani. Nakuuliza wewe, mwiliwe uko wapi?"

"Mwambie, mwanangu," ami alisema kutoka kwenye kiti alichowekwa. "Mwambie nilikuwepo mzima mzima."

Nikaeleza habari ya brashi na ukuta. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba anayeweza kuweka ukuta palipokuwa na mtu anaweza pia kuweka mtu palipokuwa na ukuta, hoja ambayo mpaka leo sijaipatia jibu. Alitaka aione picha ya asili ndani ya kamera yenyewe. Kwa bahati nilikuwa sijaifuta.

Ile fulana ya manjano ilipotokea, uso wake ulikunjuka. Ami akainuka kitini. Ndipo mkewe aliponiamuru niikuze picha, hasa upande wa kulia wa mumewe, upande ambao mimi niliupaka ukuta mwanzo kabisa bila hata ya kuuangalia. Katika kiganja cha ami palikuwa na kashata mbili, moja imeshang'atwa. Daktari alimkataza sukari tangu Ramadhani, na nyumbani alikuwa akinywa chai kavu kwa uso wa uchamungu uliomfanya mkewe amwonee huruma.

Habari ya Fuoni haikutajwa tena. Ami alinisindikiza hadi mlangoni, akageuka kutazama nyuma, akaninong'oneza:

"Mwanangu, mtu mzima na fulana yake uliweza kumfuta. Kashata mbili ndizo zilizokushinda?"