Kati ya Mei na Oktoba

Mabishano ya hapa Mwanza kuhusu mabinti wa familia maskini na chuo kikuu hayakawii kufika kwenye swali moja: wapewe hela, au wapewe mtu wa kuwashika mkono? Wengi huchagua hela bila kufikiri mara mbili. Ushauri haulipi ada, wanasema, na hapo huwezi kuwabishia.

Wana sababu. Kazi ya kuwalea mabinti kimasomo imeharibiwa jina na semina: ukumbi wa hoteli, fulana zenye maandishi, mgeni rasmi anayewahimiza wajiamini, picha, soda, kwaherini. Binti aliyevuka maji mara mbili kutoka kisiwa cha Ukara kuja kusikiliza hayo hakupungukiwa kujiamini, alipungukiwa nauli. Kumwambia maskini kwamba shida yake ni woga ni kumtukana kwa upole.

Ila wasemao hivyo hudhani hela imekaa mezani inasubiri mwenyewe. Kweli ipo kiasi. Bodi ya Mikopo inakopesha tangu 2005, na bumu, yaani posho ya mwanafunzi ya chakula na malazi, lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tatizo ni njia ya kuifikia.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba, pengine Novemba. Miezi hiyo yote shule imeshamuaga na chuo bado hakimjui. Binti anarudi zake kisiwani Kome, na kesho yake yuko mwaloni anaanika dagaa. Hakuna aliyemlazimisha, nyumbani wanakula kutokana na dagaa hao. Na ni katika miezi hiyohiyo ambapo kila dirisha hufunguliwa na kufungwa: maombi ya chuo, maombi ya mkopo, kuthibitisha udahili kwa aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja.

Tuchukue fomu ya mkopo peke yake. Ada yake ni shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji, ya mdhamini, na muhuri wa wakili au hakimu. Aliyefiwa na baba anatakiwa aambatishe cheti cha kifo, na huko visiwani wangapi walizikwa bila familia kufuatilia karatasi? Binti yatima kweli, mtaa mzima unajua, lakini kwenye mfumo si yatima. Nimewahi kukaa steshenari moja ya Nyegezi nikimsikiliza kijana wa kompyuta akimwambia binti, "Weka tu baba yupo hai, tumalize." Alikuwa na foleni, simlaumu. Ila kwa neno hilo moja binti yule angeonekana mwenye baba wa kumsomesha.

Kisha kozi. Kozi unayoomba ina uzito wake katika kupata mkopo, na hilo binti asiye na ndugu aliyepita chuo atalijulia wapi? Atachagua jina linalopendeza masikioni.

Dada wa mwaka wa pili pale chuoni Malimbe angeyamaliza haya kwa simu tatu: anza na RITA mwezi wa sita, cheti cha baba kifuatilieni sasa, kozi hiyo acha, chukua hii. Ushauri wa namna hii hauna fulana wala mgeni rasmi. Kwangu mimi huu ni sehemu ya ada, maana bila huu hata mkopo wenyewe hautoki.

Nakubali una hatari zake. Dada huyo naye ana mitihani, na kumtegemea kwa kujitolea ni kumchosha bure. Tena mji huu hauna uhaba wa wanaume wazima wanaojiita wafadhili na kutaka kulipwa gesti, kwa hiyo mlezi asiyesimamiwa na mtu ni bora asiwepo kabisa.

Mwenye fedha za kusomesha mabinti kumi, mimi ningemshauri asomeshe tisa. Ya huyo wa kumi awalipe dada wawili kuanzia Juni hadi Novemba: vocha, nauli ya meli ya Nansio, na posho ya kuwafanya wapokee simu hata saa nne usiku, siku dirisha linapofungwa.