Fainali Bado, Mbuzi Ameshagawanywa

Jamani, nani kawaambia mimi nimeshashinda? Fainali ya pool hapa mtaani ni Jumapili jioni, zawadi mbuzi. Leo Ijumaa, mbuzi kashagawanywa. Kichwa na miguu ni ya mwenye baa, supu hiyo. Maini bado yana mgogoro. Mama lishe wa kona kaniuliza ndizi achukue mkungu mmoja au miwili. Baba mwenye nyumba, mtu asiyejua utani kwenye kodi, kanipigapiga begani: "Wewe mwezi huu sina wasiwasi nawe." Kumbe mwenzangu keshajiwekea paja!

Mpinzani wangu ni kijana wa bodaboda. Hadaiwi kitu na mtu. "Mimi kaka nimekuja kujifunza tu." Muongo mkubwa! Huyo akikosa, watu wanacheka, wanamnunulia soda. Nikikosa mimi, kimya kama msibani, halafu sauti inatokea nyuma: "Kahongwa huyo."

Mpira mweusi uleule wa kumalizia mchezo, shimo lilelile la kona, siku za kawaida naupiga huku naongea na simu. Weka watu sasa. Kiganja jasho, fimbo inanata kwenye kidole gumba, napaka chaki, napaka tena, utadhani tatizo ni chaki. Mpira mweupe, ule wa kupigia, ukiufuata mweusi shimoni, mchezo umekwisha na paja la watu limekwenda. "Mwacheni, anapiga hesabu," wanasema. Hesabu gani? Nahesabu madeni!

Na msiniambie wazoefu hawatetemeki. Steve Davis, namba moja wa dunia enzi hizo kwenye snuka, ndugu yake pool, fainali ya dunia 1985 kule Sheffield, Uingereza, aliongoza michezo 8–0 dhidi ya Dennis Taylor. Wakaenda hadi 17–17, mezani umebaki mweusi peke yake. Davis akaugonga pembeni mno, ukakataa kuingia, Taylor akautumbukiza. 18–17, usiku wa manane, Waingereza zaidi ya milioni 18 wakitazama kwenye televisheni. Na Davis alikuwa na kizibao na tai ya kipepeo. Mimi nina kandambili.

Sasa wananipa ushauri: vuta pumzi, tazama mpira tu, sahau watu. Watu nitawasahau. Lakini mbuzi wamemfunga kwenye nguzo ya banda, hatua mbili kutoka mezani, kila nikiinama kulenga tunatazamana macho kwa macho. Nimemwomba mwenye baa amsogeze. Kakataa, anasema anavuta wateja.