Nilimsalimia Simba kwa Kihehe

Najua mmeshaiona. Ile video fupi ya mtu aliyekwama katikati ya chai, mikono juu kama mateka, huku sauti nyuma ikisema "usitingishike, mwanga haujakaa vizuri." Mtu ni mimi. Sauti ni ya yule ambaye hadi Jumamosi nilikuwa namwita rafiki. Hapa nitamwita Mpigapicha tu, kwa sababu nikilitaja jina lake mke wangu atamtumia nauli aje nyumbani kusimulia upya.

Sasa, maelezo aliyoyasambaza nayo yana uongo ndani yake. Eti nililewa ulanzi. Ndugu zangu, ulanzi unagemwa wakati wa mvua, sisi tumekwenda Julai, mianzi yenyewe imekauka koo. Eti nilizimia. Sikuzimia, nilifumba macho kwa hiari yangu. Na eti nilimwita mama kwa sauti ya kitoto. Hapo tutafika, msinikimbize.

Tuanzie Kalenga, maana mdomo wangu uliponza huko.

Mama yangu ni Mhehe. Mimi nimezaliwa Dar nikakulia Dar, na Kihehe changu kizima ni neno moja: kamwene, yaani salamu. Lakini ukinisimamisha ndani ya makumbusho ya Kalenga, mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, yaani chifu wa Wahehe, nageuka Mhehe kuliko wenyeji. Mwongozaji alikuwa anasimulia vizuri mno. Akatupeleka Lugalo, 1891, jinsi Wahehe walivyokivizia vichakani kikosi cha Mjerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Akaja 1894, Kalenga ilipoangushwa. Akaja 1898, Mkwawa alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai, na fuvu lililochukuliwa hadi Ujerumani likarudi 1954. Watu kimya. Ni ule ukimya wa kuheshimu marehemu, ambao mtu mwenye akili angeuacha ulivyo.

Mimi nikaona unasubiri hotuba.

Nikajitokeza mbele, nikapiga kifua, nikasema: "Damu hii haijui kukimbia." Tulikuwa watu 7 kwenye safari, wawili kati yao Wagogo, watani zangu kabisa. Mmoja akanitazama juu hadi chini, akasema taratibu, "Tumekusikia, mjomba. Tunaandika na tarehe."

Kesho yake tulikuwa Ruaha. Sitawachosha: tembo mtoni, twiga, tandala wenye pembe za kujisokota, vumbi hadi kwenye meno. Simba hatukumwona hata mkia. Ila mwongozaji wa mbugani alituachia maneno mawili ambayo nawaomba myashike. La kwanza, simba hahitaji pori zito, nyasi za gotini tu zinamtosha kujificha. La pili, ukikutana naye usikimbie, kwa sababu ukikimbia unamwambia wewe ni chakula. Na kama mnavyojua, simba uliyemwona unamwacha kulekule mbugani. Ambaye hukumwona unarudi naye gesti.

Siku ya tatu, Mufindi.

Baridi ya Mufindi mwezi wa saba waulizeni waliopita JKT Mafinga. Ukungu unaamka kabla yenu. Mimi nilikuwa na suruali moja tu ya maana, ile ya kaki yenye mifuko kila mahali niliyoinunua ili nifanane na watu wa mbugani, na kitambaa chake kilikuwa chepesi kama ahadi ya mgombea. Alfajiri, natetemeka, napekua begi natafuta chochote cha kuongezea, nikakuta taiti ya mke wangu. Ya zambarau. Ilifikaje mle, hilo bado linajadiliwa nyumbani. Nikaivaa chini ya suruali. Nikajiambia, nani ataona?

Msicheke bado, mtaishiwa pumzi.

Ambaye hajafika mashamba yale anisikilize vizuri. Chai ukiiacha ijiendee inakuwa mti mrefu kama miti mingine. Inabaki kimo cha kiuno kwa sababu inapogolewa miaka nenda rudi, ili mchumaji afikie majani mawili na chipukizi bila kupanda ngazi. Kwa hiyo juu panakuwa tambarare, kijani kibichi, kilima baada ya kilima, utadhani kuna mtu katandika zulia hadi mbinguni. Utadhani. Chini ya zulia hilo hakuna godoro. Kuna vishina vya miaka mingi na matawi makavu yaliyokatwa yakachongoka, yamesukana kama uzio wa zizi. Elimu hii yote niliipata ndani ya sekunde 3, bila kulipia.

Tuliegesha gari kando ya njia inayopita juu kidogo ya shamba, ukingo wake ukilingana na vichwa vya chai. Mpigapicha akasema simama hapo pembeni. Nikamwambia picha za kusimama pembeni ya chai kila mtu anazo, mimi nataka nionekane nimejilaza juu yake, mkono mmoja kichwani, natazama upeo wa macho. Anadai nilijirusha. Muongo. Nilikaa taratibu, kwa adabu, kama mtu anayejaribu kochi dukani.

Na chai ikanibeba! Hili naomba liingie kwenye kumbukumbu. Kwa muda mfupi sana, kilo zangu 94 zilikuwa juu ya chai ya Mufindi na chai haikulalamika. Nikageuza kichwa. Nikatabasamu. Nikasema, "Piga."

Nikasikia kra.

Kisigino cha kushoto kilitangulia. Nikasema si kitu, nitakivuta. Nilipokivuta nikaegemea upande wa kulia, na upande wa kulia nao ulikuwa unasubiri zamu yake. Sikuanguka kwa kishindo, ningeanguka kwa kishindo ingekuwa nafuu. Nilishuka. Polepole, wima, kama mtu anayezama kwenye unga. Mapaja yakapita. Shati likabaki juu na kunifunika uso. Nilipolishusha nikakuta nimefika kiunoni na safari imeishia hapo: nyonga zimekabwa huku na huku, kiatu kimoja kimevuliwa na tawi, miguu inaning'inia haigusi chini kwa sababu pale shamba linateremka, na kuna kijiti kimeingia kwenye suruali kwa nyuma, mahali ambapo sikuwa na nguvu za kukiuliza kinatafuta nini.

"Umetoka vizuri," Mpigapicha akasema. "Hebu angalia huku."

Ukungu ukaja. Wa kule haubishi hodi, unafunga tu mlango. Nikamwona Mpigapicha anakuwa kivuli, kisha sauti tu. Kukawa kimya.

Ndipo kitu kikanipumulia kisigino.

Nilidhani upepo. Kikanipumulia tena, na safari hii kikanigusa. Pua. Pua baridi, yenye majimaji. Ilianzia kisiginoni, ikaenda hadi kidole gumba, ikasimama, ikarudi tena kisiginoni, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula hotelini na bado hajaamua. Nikamkumbuka yule mwongozaji wa mbugani na nyasi zake za gotini. Gotini! Chai inafika kiunoni. Chini ya ile chai simba angeweza kulala na familia nzima na wageni wa shemeji yake.

Kisha ukaja ulimi. Mpana, wa moto, una mikwaruzo. Ulipita kwenye unyayo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Anaonja.

Usikimbie, alisema yule bwana. Nikatii. Sijawahi kumtii mwanadamu kwa ukamilifu ule, maana hata ningetaka kuasi nyonga hazikuwa zangu. Nikafumba macho. Ubongo ukaanza kupekua makabati yote ukitafuta silaha yoyote, na chini kabisa, mahali pa urithi wa mama, ukaokota lile neno langu moja. Sijui niliwaza nini. Nadhani niliwaza kwamba simba wa huku ameshazoea wenyeji, akisikia lugha ya nyumbani atajua mimi si mgeni.

"Kamwene," nikanong'ona.

Kimya. Ulimi ukaongeza kasi.

"KAMWENE!"

Na kutoka ndani ya ukungu, kushoto kwangu, sauti nzito na tulivu ikajibu:

"Kamweneee."

Nawaapia damu ilisimama. Kabla sijameza mate, upande wa kulia nako: "Kamwene." Nyuma: "Kamwene, kamwene." Nikahesabu sauti 6. Simba 6, wamenizunguka, na wana malezi mazuri.

Hapo ndipo nilipomwita mama. Nakiri mbele yenu. Nilisema "Mamaaa!" kwa sauti ambayo sikuwa nayo tangu darasa la nne. Na zile sauti 6, kwa pamoja, kwa heshima zote, zikaitika:

"Abeee!"

Wachumaji. Kina mama wachumaji wa chai, wamefungwa plastiki kiunoni kukinga umande, vikapu mgongoni, walikuwa kwenye mistari ya jirani tangu mwanzo. Wamesikia mtu anasalimia, wakamjibu kama walivyolelewa. Wamesikia mtu anaita mama, wakaitika, si ni mama?

Mkubwa wao akatokeza kwenye ukungu. Akanitazama kuanzia kifuani, maana chini sikuwa naonekana.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Unatafuta nini humo?"

"Nimekwama, mama. Halafu kuna simba."

Akainama, akaingiza mkono chini ya vichaka, akapiga mluzi. Akatoka mbwa. Mbwa wa kahawia, mwembamba, mkia unapepea kwa furaha, kinywani ana kiatu changu.

Kwa upande wangu nilikuwa tayari kufa na simba. Kuponea mbwa ndiko kulikonimaliza. Nikasikia kule barabarani Wagogo wawili wanakaa chini kwa kicheko, na wanaoujua utani wetu sisi na wao kuhusu Wahehe na mbwa wanaelewa kwa nini. Mimi siumalizii hapa. Mmoja alikuwa anajaribu kusema "tarehe, mjomba, tarehe" lakini neno halikutoka lote.

"Chai haikaliwi, baba," mama yule akaniambia, na hakuwa anatania, alikuwa anaangalia matawi yaliyovunjika. "Chai inanywewa."

Nikaomba radhi. Niliomba nikiwa bado humo ndani, na ni vigumu mno kuomba radhi vizuri ukiwa umepandwa. Kisha wakanishika makwapani, wawili huku wawili kule, wa tano akisukuma matawi, wa sita akihesabu. Moja, mbili, tatu. Nikatoka vizuri kabisa.

Suruali ikabaki.

Babu zangu waliingia vichakani Lugalo wakatoka na bunduki za Mjerumani. Mimi niliingia kichakani Mufindi nikatoka na taiti ya zambarau. Saa 2 asubuhi, mbele ya kina mama 6, Wagogo wawili, dereva, mbwa, na simu ya Mpigapicha, ambayo wakati huohuo ukungu uliamua kuipisha. Hakuna aliyecheka kwa sekunde kama 2. Zile sekunde 2 ndizo ninazoziota usiku. Kisha mchumaji mmoja kijana akasema kwa sauti ya kunifariji, "Ni nzuri, kaka. Inaleta joto?"

Inaleta, dada. Inaleta sana.

Yaliyobaki ni mafupi. Yule mama mkubwa akafungua kitenge chake begani akanifunga kiunoni mwenyewe, kama anamfunga mtoto. Tukaenda Mafinga nikanunua suruali ya mtumba, fupi, inaishia juu ya kifundo. Nikachomolewa miiba kwenye gari. Kufika Iringa mjini, kundi la ukoo lilishaipata video, na mjomba wangu mkubwa, mzee wa watu ambaye huwa haandiki zaidi ya "Amina," alikuwa ameandika "Mtwa wa Taiti" na kupigiwa makofi 31. Mke wangu akapiga simu. Nikaanza kumweleza mikwaruzo, paja, kiuno, jinsi nilivyonusurika. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Imechanika?"

Imechanika, mama watoto. Nitanunua nyingine.

Kitenge cha watu ninacho, nimekifua na kukipiga pasi. Kuna anayepandisha Mufindi wiki hii anibebee? Nimemtilia mama na kilo mbili za sukari. Na ukifika kwenye ile njia, ukakutana na mbwa wa kahawia, kiatu changu cha kushoto bado anacho. Kilikuwa kinyang'anywe, nikasema aachiwe. Usimnyang'anye. Msalimie tu.