Eva Aariak si "mwanamke wa kwanza" tu

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki ya figo hapa Ottawa, nimekaa na mama mmoja wa Bukavu ambaye mimi humfasiria kila anapokuja kumwona daktari. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu alikuwapo bibi wa Kiinuit, watu wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada, mzee hasa, miguuni viatu vya ngozi ya sili, na ubavuni mwake mjukuu wa kike wa miaka kama 12. Muuguzi akaja na faili, akachuchumaa mbele ya yule mtoto, akaanza kumweleza. Figo zimefikia wapi. Mashine ya kusafisha damu, mara ngapi kwa wiki. Kwamba huenda bibi asirudi tena kwao kaskazini, itabidi abaki huku.

Alipomaliza, mtoto alinyamaza. Alikuwa na risiti ya kantini mkononi, anaikunja, anaikunjua. Kisha akamgeukia bibi yake akamwambia sentensi moja. Fupi. Mimi Kiinuktitut, lugha ya Inuit, sijui hata cha kuombea maji, lakini hii ndiyo kazi yangu kwa miaka tisa sasa, na najua maelezo ya dakika tano hayawezi kuwa maneno sita. Bibi akainua nyusi. Muuguzi akauliza tena, sauti juu zaidi, "Ameelewa?" Bibi akainua nyusi mara ya pili. Kwa Inuit, kuinua nyusi ni "ndiyo". Bibi wa watu alikuwa ameshajibu mara mbili na aliyeuliza hakumsikia.

Mama yangu wa Bukavu akaninong'oneza: "Binti yangu, ule mutoto banamufanyisha kazi ya wakubwa." Sikuwa na la kumjibu. Yeye alikuwa na mimi. Bibi yule, aliyezaliwa ndani ya mipaka ya Kanada, siku hiyo hakuwa na mtu.

Nilirudi nyumbani na uchungu, na usiku nikakaa kumsoma Eva Aariak, jina nililokuwa nalisikia kwa wafasiri wenzangu wa Kiinuktitut na kulipita. Hapo ndipo nilipokasirika mara ya pili. Kila maelezo mafupi kumhusu yanaanzia na kuishia palepale: mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Kiongozi wa Nunavut, eneo la Inuit kaskazini mwa Kanada lenye serikali na Bunge lake. Ni kweli, na si jambo dogo. Katika uchaguzi wa Oktoba 2008, Bunge likiwa na viti 19, yeye ndiye mwanamke pekee aliyeingia, na mwezi uliofuata wabunge wenzake wakamchagua awaongoze, akimshinda Paul Okalik aliyekuwa ameshika kiti hicho tangu Nunavut ianzishwe. Lakini sifa ya kuwa wa kwanza inahusu kiti. Mimi nataka kusikia habari za kazi, na kazi yake kubwa, kwa macho ya mtu anayekula kwa kufasiri, aliifanya kabla hajawa mbunge.

Alizaliwa mwaka 1955 Arctic Bay, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Baffin. Fikiria ni zama gani hizo. Tangu miaka ya 1940 serikali ya Kanada ilikuwa inawatambua Inuit kwa namba. Kila mtu alipewa kisahani kidogo cha mviringo chenye tundu la kupitishia uzi, akivae shingoni au mkononi, kwa sababu maofisa waliona majina ya Kiinuit ni magumu kuandika. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo Abe Okpik, Muinuit wa kwanza kuketi katika baraza la kutunga sheria la Northwest Territories, alipozunguka kijiji kwa kijiji kuwaandikisha watu majina ya ukoo ili namba zile ziondoke. Aariak ni mtoto wa zama hizo. Dola iliyokuwa juu yake ilishindwa hata kujifunza kutamka majina ya watu wake.

Sasa mtu wa namna hiyo alipokua alifanya nini? Aliratibu uchapishaji wa vitabu vya watoto vya Kiinuktitut kwa bodi ya elimu ya Baffin. Nataka hapo pasipitwe haraka. Mtoto hawezi kusoma lugha isiyo na vitabu, na vitabu vya lugha isiyo na soko havijiandiki. Lazima awepo mtu wa kumkumbusha mwandishi, kumsubiri mchoraji, kusahihisha herufi, kutafuta pesa ya karatasi. Kazi hiyo haina picha ya gazetini. Baadaye alikuwa na duka la kazi za mikono za Inuit pale Iqaluit, na alifundisha Kiinuktitut watu wazima.

Nunavut ilipozaliwa tarehe 1 Aprili 1999, ikimegwa kutoka Northwest Territories baada ya mkataba wa ardhi wa 1993 kati ya Inuit na serikali ya Kanada, yeye ndiye aliyekuwa Kamishna wa Lugha wa kwanza. Akakaa hapo mpaka 2004. Kamishna wa Lugha ndiye unayempelekea malalamiko ofisi ya serikali inapokataa kukuhudumia kwa lugha yako. Na ni katika miaka hiyo ambapo Aariak alilazimika kutafuta neno la Kiinuktitut la intaneti.

Akachagua ikiaqqivik.

Zamani ikiaqqivik haikuwa na uhusiano wowote na nyaya. Ni neno la safari ya angakkuq, mganga wa jadi, anapopita matabaka ya ulimwengu kwenda kuwatazama watu walio mbali, hata waliokwisha kufa, na kurudi na habari zao. Nilipolielewa nilisimama nikazunguka sebule. Angeweza kulichukua la Kiingereza akalikata mkia, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi ghalani kwa wazee wake akatafuta jambo walilokuwa wanalijua tangu enzi, la mtu kukaa mahali pamoja na kufika kusikofikika, akalikuta lina jina tayari. Sisi tuna mtandao, na ukilichungulia utaona kutanda kumo ndani yake. Ni neno zuri, linafanya kazi. Lakini ikiaqqivik linamwambia bibi wa miaka themanini kwamba kitu anachokishika mjukuu wake si cha wageni peke yao. Linampa mlango wa kuingilia.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeshasikia mara nyingi mno, hata kwa Waswahili wenzangu, kwamba kuunda istilahi ni mchezo wa maprofesa. Waje wakae na mimi asubuhi moja kliniki. Neno likikosekana, mgonjwa anatia saini kitu asichokijua. Neno likiwapo lakini anayelijua ni mtu mmoja ofisini, ni yaleyale. Ufundi wa kumwambia mtu kwamba figo zako zimechoka, bila kumdanganya na bila kumuua kwa hofu, unaanzia kwa mtu fulani aliyeketi miaka mingi nyuma akapima maneno. Yule mtoto wa risiti alikosa maneno, akaachwa ayatunge mwenyewe, peke yake, mbele ya bibi yake.

Haya, Bunge. Nunavut hakuna vyama vya siasa. Kila mbunge anagombea kwa jina lake, kisha wakishachaguliwa wanakaa pamoja na kumpigia kura ya siri Spika, Waziri Kiongozi na mawaziri. Rungu la Bunge lao limetengenezwa kwa pembe ya nyangumi narwhal, na wafasiri wapo kazini kila kikao. Mbunge anasimama anasema Kiinuktitut na shughuli zinaendelea. Watu kama 37,000 kwa sensa ya 2021, vijiji na miji 25, eneo la kilomita za mraba takriban milioni mbili, na hakuna barabara hata moja inayounganisha mji na mji. Ni ndege, au mashua barafu ikiyeyuka. Ukiwa upande wa Baffin na unataka kumwona daktari bingwa, unaletwa Ottawa, saa tatu angani kutoka Iqaluit, na unaiacha sheria yako ya lugha nyuma yako.

Maana sheria ipo. Sheria ya Kulinda Lugha ya Inuit ilipitishwa mwaka 2008, na hapa sina budi kukiri kwamba ilipitishwa chini ya Okalik, Aariak akiwa bado hajaingia bungeni. Heshima hiyo ni ya Okalik. Ila aliyekabidhiwa kuitekeleza ni Aariak: chombo rasmi cha kusanifu istilahi, Inuit Uqausinginnik Taiguusiliuqtiit, kilianza kazi katika kipindi chake, na mpango wa utekelezaji wa lugha ukatoka 2012. Alikuwapo pia kwenye mpango wa kupunguza umaskini, ambao wengine wataujadili vizuri kuliko mimi.

Na kuna doa, siwezi kuliruka. Aliwahi kuwa Waziri wa Elimu pia, na Novemba 2013 Mkaguzi Mkuu wa Kanada alitoa ripoti kwamba Nunavut haikuwa inatimiza elimu ya lugha mbili kama sheria yao wenyewe ilivyotaka. Walimu wanaojua Kiinuktitut hawakutosha, vitabu havikutosha. Sitasema kwamba halikuwa jukumu lake. Lilikuwa. Ninachoweza kusema ni kwamba yeye alijua kwa mikono yake kitabu kimoja cha mtoto kinachukua muda gani kuzaliwa, na miaka mitano haikutosha kuziba pengo lililochimbwa tangu enzi za visahani. Mwaka huohuo aligombea tena ubunge, ameshatangaza kwamba hataki tena kuwa Waziri Kiongozi, akashindwa kwa kura zisizofika 50.

Januari 2021 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Nunavut, yule ambaye sahihi yake ndiyo inayoufanya muswada uwe sheria. Miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 2020, Bunge lilikuwa limeshafanya lile ambalo mimi silisamehe. Sheria ya 2008 iliahidi kwamba kufikia 2019 kila mtoto, mpaka darasa la 12, atakuwa na haki ya kusomeshwa kwa lugha ya Inuit. Mwaka 2019 ukafika, ahadi haijatimia. Wabunge wakairekebisha sheria. Wakabakiza Kiinuktitut kama somo, hatua kwa hatua, mpaka likamilike madarasa yote mwaka 2039. Nunavut Tunngavik, shirika linalosimamia haki za Inuit chini ya mkataba wa ardhi, likaishtaki serikali mwaka uliofuata.

Miaka 20 ya kuongezewa. Walimu ni wachache, hilo nalijua, mwalimu haokotwi. Lakini mtu anapokosa walimu hufungua vyuo, haongezi kalenda tu.

Tulipoitwa ndani, mimi na mama wa Bukavu, nilipita karibu na yule mtoto nikamuuliza kwa Kiingereza yuko darasa la ngapi. La saba, akasema. Nikamuuliza shuleni kwao wanasoma Kiinuktitut. Akafikiri kidogo, akasema walisoma alipokuwa mdogo. Bibi yake alikuwa anatutazama, anangoja aambiwe tunaongea nini.