Huku hawatupi, sisi tunarekodia juu yake

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, msidhani wanachotuzidi Wazungu kwenye muziki ni vipaji. Muziki mbovu huku upo tele, na baadhi ya bendi zao zingepiga harusini Chikongola zingeshushwa jukwaani kabla pilau haijaiva. Wanachotuzidi ni kwamba hata kilichoshindwa wanakiweka.

Chukueni Josef K, bendi ya vijana wa hapa Edinburgh, Uskoti, ninapoishi. Walianza mwishoni mwa miaka ya 1970, magita makavu, ya haraka, yanayokwaruza sikio mpaka uyazoee. Walirekodi albamu ya kwanza, wakaiona imesafishwa mno, haifanani na wanavyopiga jukwaani, wakaiacha. Wakaenda Brussels kurekodi upya. Albamu ikatoka 1981, na mwaka huohuo bendi ikavunjika. Kwetu stori ingeishia hapo.

Ile kazi waliyoikataa haikufutwa, baadaye ikaja kutolewa. Franz Ferdinand wa Glasgow walipotamba mwaka 2004, watu wakaanza kuulizana hawa wamemfuata nani, na mwaka 2006 kampuni ya Domino, ileile iliyowatoa Franz Ferdinand, ikatoa mkusanyiko wa Josef K. Mimi nimewafahamu juzijuzi tu, kwenye duka la santuri za mitumba. Paul Haig anaimba, Malcolm Ross yuko kwenye gita. Bendi iliyovunjika zamani hivyo, na majina yao hayakupotea.

Sasa njooni nyumbani. Bendi ya Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba jina la kwetu, lakini makao yake yalikuwa Dar es Salaam, jirani na studio ya Redio Tanzania. Ndiyo maana tunaisikia hadi leo. Bendi iliyobaki Lindi au Masasi ingefikaje huko? Kabla ya Daraja la Mkapa la mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 mlikuwa mnasubiri kivuko Ndundu, na masika barabara ikikatika mnategemea meli. Pakieni ngoma, amplifaya na magita safari nzima hiyo, kwa nyimbo mbili tatu! Na ukitaka santuri, zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Wengi wakabaki kupiga kumbini, wakasikika msimu wa korosho watu wakiwa na hela, basi.

Waliobahatika walirekodiwa na shabiki mwenye redio kaseti. Na hizo kaseti tunajua zilivyoisha: unaziba vitundu vya juu kwa karatasi, unarekodia kaswida au taarabu juu yake. Mjomba wangu Mikindani anaimba mpaka leo nyimbo za bendi moja ya ujanani mwake, ubeti kwa ubeti, na kwa mdomo anakuigizia hata gita la solo. Mpigaji mwenyewe anamkumbuka kwa jina la utani tu.

Kuna upande mmoja tunawashinda, niseme kweli. Hapa Edinburgh sijamsikia mtu akiimba Josef K jikoni wala harusini. Santuri iko kabatini, ina bei, mwenye nayo anaishika kwa ncha za vidole. Mjomba akianza kuimba, shangazi anapokea kiitikio. Lakini mjomba ana miaka yake, na kuzisubiri kanda za redio za Dar hakutatusaidia, maana bendi kama hiyo yake hazikuwahi kufika huko.

Kwa hiyo tusingoje mradi wala mfadhili. Simu mnazo. Mrekodini mzee akiimba, kisha mwulizeni jina kamili la kila mpigaji, la gita la solo, la besi, la mapulizo, na ukumbi ulikuwa wapi. Nani alimpenda nani kwenye bendi tutauliza baadaye, ingawa najua ndiko mtakakoanzia. Na kama kuna mtu Mikindani, Mingoyo au Masasi ana deki ya kaseti inayofanya kazi bila kutafuna mkanda, aseme. Flashi nalipia mimi.