Msimwite msanifu mandhari siku ya kupanda maua

Tamasha likiisha usiku pale Millennium Park, Chicago, maelfu ya watu wanainuka kwenye nyasi kwa mkupuo, na bustani ya maua iliyo nyuma yao, upande wa kusini, haikanyagwi.  Inalindwa na ua wa miti, urefu wake zaidi ya mita nne, wenye fremu ya chuma. Msanifu mandhari Kathryn Gustafson na wenzake waliuweka walipochora bustani hiyo, Lurie Garden, kwa sababu walijua umati wa muziki utatokea upande ule.

Kitu hicho kinafurahisha na kinauma. Kwetu msanifu mandhari, yaani mchoraji wa bustani na viwanja vya wazi, angeitwa jukwaa limeshamwagwa zege, aambiwe: "Tuwekee maua hapo mbele, mgeni rasmi anakuja Jumamosi."

Najua jibu linalokuja: huyu kaonja theluji, sasa kwao kunanuka. Hapana. Sanaa ya mtaani iko kwetu. Singeli ikipigwa Mbagala uwanja unajaa bila tangazo, na mabaraza ya Mji Mkongwe yametengeneza ukumbi wa mtaa tangu zamani. Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, baada ya kazi ya Aga Khan Trust for Culture, ukuta wa bahari ulikuwa umeimarishwa na wauza vyakula wametengewa nafasi yao. Kwa hiyo tunaweza. Ndiyo maana inakera zaidi.

Mwingine atasema wenzetu wana hela. Kweli, Millennium Park nzima ilifunguliwa mwaka 2004, imechelewa miaka minne na imekula karibu dola milioni 475. Lakini ninayoyadai mimi hayahitaji hata chembe ya hizo. Yanahitaji mtu aulizwe mapema.

Chukua jua. Matamasha yetu mengi huanza saa kumi jioni. Ukiweka jukwaa upande wa magharibi, watazamaji wote wanakunja uso hadi jua lizame. Ukiliweka mashariki, anayeumia ni msanii. Jukwaa likae kaskazini au kusini, jua liwapige wote ubavuni. Uamuzi huo ni wa bure siku ya kuchora, na haurekebishiki zege likishakauka.

Umeme nao. Mnaijua ile waya ya kuvuta kutoka dukani, imepita katikati ya watoto, juu ya dimbwi. Zika bomba tupu la kupitishia waya, la milimita 100, kina cha sentimita 60, kutoka kwenye mita hadi jukwaani, kabla ya kupanda nyasi. Kisanduku chake kiinuliwe juu ya ardhi, kifungwe kwa kufuli, na laini ya muziki itenganishwe na ya taa, la sivyo spika zitavuma usiku kucha. Wengi wanalisahau bomba, halafu mwaka wa pili uwanja mzima unachimbwa upya.

Na mwembe. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko ndani ya sentimita 60 za juu. Lori la spika likiegeshwa kivulini mara tano, udongo unashindiliwa, maji na hewa havipiti, na baada ya misimu michache mnasema mti umerogwa. Njia ya lori ichorwe mapema, ya kokoto, nje ya upana wa matawi. Uwanja wenyewe uinamishwe asilimia 2 hivi, maji yaende pembeni, yasikusanyike mbele ya jukwaa pale watu wanapochezea.

Lakini hata jukwaa lenyewe, nani kasema ni la lazima? Hapa ndipo tunapoiga vibaya. Ngoma haitazamwi kutoka mbele, ngoma inazungukwa. Duara la kipenyo cha mita 12 lina eneo la mita za mraba 113, linatosha wachezaji na wapigaji, na ukingo wake ukiwa na ngazi tatu za kukalia kama baraza, kila mtu anaona. Ndani usiweke vigae wala zege: mchezaji yuko peku, anaruka na kutua kwa magoti, na saa nane mchana zege linaunguza nyayo. Weka udongo ulioshindiliwa, uchanganywe na mchanga.

Kisha waulizeni wapigaji, kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, wanapashia wapi ngoma moto. Ngozi ikipoa jioni inalegea, sauti inazama, lazima irudishwe kwenye moto. Uwanja usio na sehemu ya moto utaunguzwa: moto utawashwa juu ya nyasi au juu ya vigae vipya, kisha lawama ziwaangukie wapigaji. Mita mbili kwa mbili za mchanga, hatua kumi kutoka kwenye duara, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Katika michoro ya viwanja vyetu vya wazi, hicho kijisehemu kiko wapi?